Hukumu ya Kununua na Kuhifadhi Silaha za Kale: Bunduki na Singe Zinazouzwa Mnadani

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita niliitwa hapa hapa Ngulyati kugawa mirathi ya mzee mmoja, Allah amrehemu. Nilipouliza marehemu ameacha nini, watoto wake walitaja ng'ombe, mbuzi, shamba la pamba na baiskeli mbili, kisha wakanyamaza na kutazamana. Mkubwa wao akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha gunia kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na bunduki ndefu ya Kijerumani, kitako kimeliwa na mchwa, chuma kimechorwa maandishi "Mod. 71", pamoja na singe yake yenye mpini wa shaba, upanga wake mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Babu yao alikuja nayo kutoka kwenye vita ya mwaka 1914 hadi 1918, nayo ikakaa darini tangu wakati huo.

Watoto walikuwa watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Mkubwa alitaka viuzwe, kwani alikuwa ameshapita mfanyabiashara aliyempa bei ya shilingi 400,000 kwa vyote viwili, akimwambia kuwa Wazungu wanavigombea minadani huko kwao. Wa pili alitaka virudishwe darini kwa kuwa ni heshima ya babu. Wa tatu aliogopa polisi, akasema vitupwe mtoni usiku. Mabinti hawakuulizwa. Wote wanne, ukimhesabu na yule mfanyabiashara aliyekuwa akisubiri jibu, wakanigeukia mimi.

Nakiri kuwa nilisita. Minhaj ya Imam Nawawi nimeisoma nikiwa kijana na nimeisomesha miaka mingi, lakini sikuwahi kukaa mbele ya bunduki ikiwa ni fungu la mirathi. Na katika siku zile zile, kijana mmoja niliyemsomesha, ambaye sasa anaishi Uingereza, aliniandikia akiuliza kama inafaa kwake kununua bunduki na singe za vita vya zamani katika minada ya huko, si kwa kuwinda wala kupigana, bali kwa kuzikusanya na kuzihifadhi. Nikaona kuwa maswali haya mawili ni swali moja, na kwamba huenda maimamu wengine wakaulizwa mfano wake.

ZILIFIKAJE KWETU

Bunduki ya namna ile, yenye kuchukua risasi moja moja ya milimita 11 na kutumia baruti nyeusi, ilitengenezwa Ujerumani kuanzia miaka ya 1870. Majeshi ya huko yalipopata bunduki bora zaidi, za zamani ziliuzwa au kupelekwa makoloni. Vita ilipoanza mwaka 1914, wengi katika askari wa Kiafrika wa Von Lettow-Vorbeck walikuwa bado wanazitumia, nao waliteseka nazo kwa sababu kila mlio mmoja ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipojificha askari. Katika askari hao Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wengi, na wapagazi walikuwa wengi zaidi. Waingereza walishindwa Tanga mwezi Novemba 1914 na kuacha mamia ya bunduki zao ufukweni, zikachukuliwa. Mwanza ikaingia mikononi mwa Waingereza Julai 1916, Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji Septemba ya mwaka huo huo. Katika kurudi nyuma kule, watu walitawanyika na silaha zilitawanyika nao.

Kabla ya hapo zilikuwako za aina nyingine: bunduki za gumegume na magobore yaliyoingia kupitia Zanzibar na pwani pamoja na misafara ya pembe, mpaka mataifa ya Ulaya yalipoafikiana Brussels mwaka 1890 kuzuia biashara hiyo. Hawakuizuia kwa huruma. Walitaka kutawala watu wasio na silaha.

Nimeyataja haya kwa sababu faqihi hawezi kutoa hukumu ya kitu asichojua asili yake. Wanazuoni wanasema kuhukumu jambo ni tawi la kulifahamu.

MASWAHABA NA SILAHA YENYE HISTORIA

Wako wanaosema kuwa kuhifadhi chuma cha zamani kwa ajili ya kumbukumbu ni upuuzi, na pengine wakaongeza kuwa ni kuabudu athari. Mwenye kusema hivyo arejee Sahihi Bukhari katika mlango wa vita vya Badr.

Imepokewa humo kuwa Zubayr bin Awwam (r.a.) alikutana siku ya Badr na Ubayda bin Said bin Al-As, aliyejifunika chuma mwili mzima, haonekani ila macho. Zubayr akamchoma jichoni kwa mkuki wake mfupi akamuua. Akaweka mguu juu yake kuuchomoa, ukatoka kwa taabu, ncha zake zimepinda. Mtume (s.a.w.) akauomba mkuki ule, akapewa. Alipofariki, Zubayr akauchukua. Kisha Abubakar akauomba akapewa, baada yake Umar, kisha Uthman, kisha ukawa kwa watu wa Ali, kisha Abdullah bin Zubayr akautaka, ukabaki kwake mpaka alipouawa. Zingatia, ndugu msomaji: mkuki uliopinda! Haukuwa na faida kubwa ya kupigania. Uliombwa kwa sababu ya siku ile.

Na katika mlango huo huo imo habari ya upanga wa Zubayr. Baada ya Abdullah mwanawe kuuawa, Khalifa Abdulmalik bin Marwan alimuuliza Urwa bin Zubayr kama anautambua upanga wa baba yake. Urwa akasema ndiyo. Akaulizwa alama yake, akajibu kuwa una pengo lililotokea siku ya Badr. Abdulmalik akamkubalia na kumrudishia. Hisham, mtoto wa Urwa, anaeleza kuwa baadaye walithaminisha upanga ule wao kwa wao kwa 3,000, mmoja wao akauchukua, naye Hisham akatamani lau angeuchukua yeye.

Mimi niliposoma tena maneno haya usiku ule, nilifunga kitabu nikacheka. Jibu la wale watoto watano lilikuwa humo tangu zamani: silaha ya kale ni mali, ina thamani, pengo lake ni sehemu ya thamani yake, na warithi wanaweza kuithaminisha mmoja wao akaichukua kwa bei. Hata majuto ya aliyeikosa yamo.

Basi asili ya jambo hili ni halali. Wala haliharibiwi na kuwa silaha ni ya kuulia, kwani Abu Qatada (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) deraya ya mtu aliyemuua Hunayn, akaiuza na kununua bustani kwa Banu Salima, nayo ikawa mali yake ya kwanza katika Uislamu. Bukhari ameileta hadithi hiyo chini ya mlango wa kuuza silaha wakati wa fitna na wakati usiokuwa wa fitna, na ametanguliza kuwa Imran bin Husayn alichukia kuuza silaha wakati wa fitna. Mpangilio huu ni fiqhi tupu. Deraya iliuzwa wakati wa amani kati ya Waislamu, ikawa bustani. Lau ingeuzwa kwa watu wanaogombana, hukumu ingebadilika na deraya ni ile ile.

KUHUSU MNADA WENYEWE

Sisi Wasukuma mnada tunaujua kwa ng'ombe. Mnada wa silaha kongwe haupo kwetu, lakini London na miji mingine ya Ulaya na Marekani ni biashara kubwa yenye nyumba maalumu. Mwezi Mei 2023 upanga wa Tipu Sultan wa Mysore uliuzwa London na nyumba ya Bonhams kwa zaidi ya paundi milioni 14. Singe ya kawaida ya vita vya 1914 haifiki hata sehemu ndogo ya hapo, na ndiyo maana vijana wenye kipato cha kawaida nao wanaingia.

Kuuza kwa anayezidisha bei kunajuzu kwa jumhuri ya wanazuoni. Imepokewa kutoka kwa Anas kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli la mtu wa Ansari kwa dirhamu mbili, ingawa katika isnadi ya hadithi hiyo wako wanazuoni walioitia udhaifu. Ataa bin Abi Rabah amesema kuwa aliwakuta watu hawaoni ubaya kuuza ngawira kwa anayezidisha. Awzai akaona mnada uishie kwenye ngawira na mirathi tu. Kwa hiyo hata kwa walioubana mnada, vitu vilivyotoka vitani na vilivyorithiwa ndivyo hasa mahali pake.

Lakini yako mambo matatu ambayo kijana wangu alinieleza kuhusu minada ya huko, na lazima yatazamwe.

La kwanza ni najash, yaani kuzidisha bei bila ya nia ya kununua ili kumvuta mwingine. Mtume (s.a.w.) ameikataza, kama alivyopokea Ibn Umar. Katika baadhi ya nyumba za mnada za Ulaya, muuzaji huweka bei ya chini kwa siri, na dalali huruhusiwa kutaja bei kwa niaba yake mpaka ifikiwe, hali hakuna mnunuzi yeyote ukumbini aliyezitaja. Wao huandika sharti hilo katika daftari la mnada. Mimi naona kuandikwa kunapunguza udanganyifu lakini hakuuondoi, kwa sababu aliyekaa ukumbini hawezi kupambanua bei ya mtu na bei ya hewa. Katika madhehebu yetu ya Shafii mwenye kufanya najash anapata dhambi, na kuuziana kunasihi. Maliki anampa mnunuzi hiari ya kurudisha. Anayeingia huko aweke moyoni bei yake ya mwisho kabla ya kuingia, asiivuke.

La pili ni kuuza kwa sharti la kutowajibika na kasoro. Bunduki za Kijerumani zilipigwa namba, na vipande vyake hubeba namba hiyo au tarakimu zake za mwisho. Ikiwa namba zote zinaoana, thamani hupanda. Ikiwa kipande kimechukuliwa katika bunduki nyingine, thamani hushuka sana. Wako mafundi wanaofuta namba na kupiga upya, wanaotia kutu mpya ionekane ya zamani, wanaovika singe ala isiyo yake. Huu ni ghushi, na mwenye kughushi hadithi yake inajulikana. Ama muuzaji anayesema "nauza kama kilivyo", jambo lake limo katika Muwatta: Ibn Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutokuwa na lawama ya kasoro, mnunuzi akaona ugonjwa, wakafika kwa Uthman (r.a.). Uthman akamtaka Ibn Umar aape kuwa hakuwa na habari ya ugonjwa ule. Akakataa kuapa, akarudishiwa mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa 1,500. Shafii akaifuata hukumu hiyo kwa kiumbe hai na kasoro ya ndani isiyojulikana na muuzaji. Bunduki si kiumbe hai. Kwa hiyo, kwa kauli yenye nguvu kwetu, sharti hilo halimwokoi muuzaji wa bunduki na kasoro iliyofichika, hata akiliandika kwa wino wa dhahabu.

La tatu ni ada ya dalali anayotozwa mnunuzi juu ya bei. Hiyo haina tatizo ikijulikana mapema. Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali.

ILITOKA MIKONONI MWA NANI?

Hapa ndipo penye uzito, na wakusanyaji wengi hapa hawaulizi.

Tipu Sultan aliuawa tarehe 4 Mei 1799 akiilinda Seringapatam. Upanga wake ulichukuliwa katika jumba lake na kupewa Jenerali David Baird. Je, miaka zaidi ya 200 na minada kadhaa imeufanya kuwa mali halali ya muuzaji? Na kwetu je? Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa mwaka 1895, na baada ya Majimaji ya 1905 hadi 1907 vijiji vya kusini vilinyang'anywa bunduki, mikuki na chakula. Si ajabu jambia au gobore la nyumba mojawapo likawa leo katika kabati la mtu Berlin, likingoja mnada.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mali ya Waislamu iliyotekwa na wasiokuwa Waislamu. Abu Hanifa na Malik wanaona kuwa mtekaji huimiliki kwa kuishinda. Shafii anasema haimiliki kamwe, na anayeikuta anatakiwa kumrudishia mwenyewe. Dalili yake ni hadithi ya Imran bin Husayn kuhusu Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.). Mwanamke wa Kiansari alitoroka naye kutoka kwa walioteka, akaweka nadhiri ya kumchinja Allah akimwokoa, na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa hakuna nadhiri katika kitu ambacho mja hakimiliki. Dalili nyingine ni farasi wa Ibn Umar aliyechukuliwa na adui kisha akarudishiwa Waislamu waliposhinda.

Kwa kauli hii ya Imam wetu, mnunuzi akijua kwa yakini kuwa silaha fulani ilinyang'anywa Waislamu wanaojulikana, wenye warithi wanaojulikana, haimfalii kuinunua ili aimiliki. Akiinunua kwa nia ya kuikomboa na kuirudisha, huo ni wema. Kama wenyewe hawajulikani, basi kuiweka mahali ambapo umma wake utaiona ni bora kuliko sebule ya mtu mmoja. Mali ya mtu asiye Mwislamu aliyedhulumiwa nayo haihalaliki kwa dhulma. Wahehe walichukua bunduki takriban 300 kwa Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na Wajerumani walipoivunja ngome ya Mkwawa mwaka 1894 wakabeba walichokitaka. Anayeuziwa leo kitu "cha Mkwawa" ana haki ya kuuliza kilitoka vipi.

Ama kitu kisichojulikana asili yake, kama bunduki ya yule mzee, mkono wa aliye nacho ni dalili ya umiliki mpaka ithibiti kinyume chake. Dola ya Kaiser iliyoitoa imekwisha, na zaidi ya miaka 100 imepita. Sikuwalazimisha wale watoto wamtafute mwenye bunduki.

BUNDUKI SI SAWA NA SINGE

Kijana wangu alisema kuwa Uingereza bunduki za kale ambazo risasi za aina yake zimeachwa kutumika zinaweza kuhifadhiwa kama kumbukumbu au pambo bila leseni, na kanuni za mwaka 2021 zikaibana orodha yake. Marekani, sheria ya serikali kuu inahesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Yeye anaishi kwa ahadi ya nchi ile, na Mwislamu hutimiza ahadi yake. Nikamwambia anunue kwa masharti niliyoyataja, asifanye israfu, asiache wazazi wake hapa Bariadi wanakopa mahindi naye ananunua kutu, wala asitundike kwa fahari singe zenye alama za Wanazi. Singe ya babu wa Ngulyati nayo ina taji na herufi W ya Kaiser mgongoni, lakini hiyo haikutundikwa kumtukuza Kaiser. Fedha katika mpini haina ubaya kwa mwanamume, kwani imepokewa kuwa kishikio cha upanga wa Mtume (s.a.w.) kilikuwa na fedha. Dhahabu haifai. Zaka haimlazimu kwa alichokihifadhi. Akianza kununua ili auze, zaka ya biashara inamhusu kila mwaka kwa thamani ya soko.

Kwetu hali ni nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haisemi kuwa bunduki ikizeeka inakuwa pambo. Gobore ni silaha, na kila mtu wa Simiyu anajua kuwa gobore bado linaua, aulize walio karibu na Pori la Akiba la Maswa. Wenye umri wangu wanakumbuka pia jinsi silaha zilizosambaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zilivyoingia katika wizi wa ng'ombe, mpaka Sungusungu wakainuka Usukumani na mishale yao. Mtume (s.a.w.) amekataza kumwelekezea ndugu silaha, na kupeana upanga ukiwa nje ya ala, na akaamrisha mwenye mishale akipita msikitini ashike ncha zake. Ikiwa ncha ya mshale ina hukumu hii, bunduki iliyo darini juu ya watoto waliolala ina hukumu gani?

Kwa hiyo niliwaambia: bunduki haiuzwi kwa mfanyabiashara yule, kwa sababu hana leseni na hatujui inakokwenda, na huko ndiko alikokuchukia Imran bin Husayn. Wala haitupwi mtoni, kwani huko ni kupoteza mali na wavuvi wanaweza kuitoa. Inasalimishwa polisi. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, na wenye kuona thamani yake ya historia wanaweza kuomba ifikishwe makumbusho, kama ile ya Majimaji iliyoko Songea. Tulikwenda Bariadi mimi, mkubwa wao na mwenyekiti wa kijiji, ikapokelewa na kuandikwa.

Singe ikabaki. Tuliithaminisha shilingi 80,000 kwa ushahidi wa wazee wawili. Mafungu yakawa manane, kila mwanamume 20,000 na kila mwanamke 10,000. Yule wa pili akaichukua na kukubali kuwalipa wenzake. Imetundikwa ndani ya ala yake juu ya mlango wake, nami huiona kila nikipita kwenda kuswalisha. Amemlipa kaka yake, amemlipa mdogo wake, amemlipa dada mmoja. Binti mdogo aliyeolewa Magu bado anadai 10,000 zake mpaka ninapoandika haya, na nimeshamwambia mwenye singe kwamba sehemu hiyo si yake.

Wallahu aalam.